Kunoa cheni ya kabaidi: kwa nini tupa haifai, na kinachofaa ni nini

Wakata miti wa Moshi na Arusha wanaambizana mambo mawili kuhusu cheni za kabaidi, yaani cheni za msumeno wa injini ambazo meno yake yana ncha ngumu za kabaidi, na yote mawili yanawatia hasara. La kwanza ni kwamba cheni hizi hazinolewi: unainunua, unaitumia mpaka ife, unatupa. La pili ni kwamba zinanolewa kama cheni nyingine yoyote, kwa tupa ya duara na mkono uliozoea. Anayeamini la kwanza ataendelea kuukandamiza msumeno kwenye gogo huku cheni ikitema unga na baa, bapa la chuma linalobeba cheni, ikichemka. Anayeamini la pili atamaliza tupa mpya kwa dakika chache, jino lisipate hata mkwaruzo, kisha aseme ameuziwa cheni mbovu.

Cheni ya kabaidi inanolewa, tena mara nyingi katika maisha yake. Kinachobadilika ni kifaa cha kunolea, na kwa sababu hiyo mahali pa kunolea hubadilika pia. Cheni ya chuma unainoa ukiwa umekaa juu ya kisiki pale Kibosho. Ya kabaidi inataka almasi, umeme na meza iliyotulia. Ukilielewa hilo kabla ya kununua, mengine yote yanafuata.

Jino linavyokata

Umbo la cheni tunayoitumia leo limetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Joseph Cox, mkata miti wa jimbo la Oregon, Marekani. Mwaka 1946 alimtazama buu wa mbawakawa, mdudu anayetoboa miti, akila kisiki, akaona taya zake zinakata kwenda kushoto na kulia, akabuni cheni yenye meno yaliyopinda kwa zamu, moja huku na jingine kule. Kila jino lina makali mawili, ya juu na ya ubavuni, yanayokutana kwenye kona. Kona hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Mbele ya jino kuna kinundu kidogo, ambacho ni kipimo cha kina: ndicho kinachoamua jino liume kiasi gani. Kikiwa juu mno, jino linateleza juu ya mti. Kikiwa chini mno, jino linauma kwa pupa, msumeno unatetemeka na baa inaweza kuruka kumrudia mkataji usoni.

Katika cheni ya kawaida jino zima ni chuma, na juu yake limepakwa ganda jembamba la kromu. Kromu hiyo ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayowafanya wengine wadhani wana cheni ya kabaidi. Ukitaka uhakika, usijaribu kwa kupitisha tupa juu ya jino, kwa sababu kromu nayo ni ngumu na itakudanganya. Pitisha tupa taratibu kwa ndani, kwenye uso wa makali. Ikiuma, hicho ni chuma. Ikiteleza bila kushika, una kabaidi mkononi. Ukitazama kwa karibu utaona pia ncha ya rangi ya kijivu iliyofifia, na mstari mwembamba wa lehemu unaoitenganisha na mwili wa jino.

Kabaidi yenyewe

Tunazungumzia kabaidi ya tangsteni, isiyohusiana na ile ya kuchomelea kwa gesi. Unga wa tangsteni iliyoungana na kaboni unachanganywa na metali ya kobalti, unashindiliwa, kisha unachomwa kwa joto kali mpaka unakuwa kipande kimoja. Chembe za kabaidi zinakaa ndani ya kobalti kama kokoto ndani ya zege: ugumu uko kwenye kokoto, na kobalti ndiyo inayozishika zisitawanyike. Mjerumani Karl Schröter aliibuni mwaka 1923 akiwa kwenye kampuni ya taa za umeme ya Osram. Shida iliyokuwepo ilikuwa kupata kitu cha kuvutia nyuzi nyembamba za tangsteni za ndani ya taa bila kutegemea almasi, ambayo ilikuwa ghali.

Kutokana na maumbile hayo, kabaidi ina tabia tatu ambazo kila mwenye cheni hii anapaswa kuzijua. Ni ngumu kuliko chuma cha tupa, kwa hiyo tupa haiwezi kuikata. Ni dhaifu mbele ya kishindo: chuma kikigonga msumari kinajikunja au kinapata butu, lakini kabaidi inabanjuka au kumeguka kabisa. Na ikipata joto inatanuka kidogo sana, karibu nusu ya chuma. Hii ya tatu ndiyo isiyosemwa, nayo ndiyo inayoua cheni nyingi mezani. Ncha ya kabaidi imelehemiwa juu ya chuma. Ukiipasha moto kupita kiasi, chuma kinatanuka, kabaidi inakataa, na mahali pa kuumia ni pale kwenye lehemu au ndani ya ncha yenyewe. Ukiitumbukiza kwenye maji ikiwa bado ya moto, unafanya kosa lile lile kwa kinyume, na kwa ghafla zaidi. Ufa unaweza usionekane siku hiyo. Utaonekana ncha itakapong'oka ndani ya gogo.

Inalipa wapi

Sababu ya kufikiria kabaidi katika mikoa hii ni udongo wetu. Miteremko ya Kilimanjaro na Meru ni ya volkano. Meru ililipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Mawe yaliyosagika kuwa udongo huo yana madini kama felspa, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 na kuishia 10 kwa almasi, iko kwenye 6. Chuma cha jino hakiko mbali na hapo. Kwa hiyo kila gogo lililoburutwa kwenye vumbi la Ngaramtoni, na kila kisiki kilichorushiwa tope la masika pale Marangu, vinapiga msasa meno ya cheni. Kromu inavumilia, lakini ni ganda tu. Chuma kilicho chini yake kikiliwa, ganda linabaki halina kitu cha kulishika, nalo linakatika. Hapo ndipo unapomwona mtu ananoa baada ya kila tanki moja la petroli.

Kabaidi inavumilia vumbi hilo kwa muda mrefu zaidi, mara kadhaa ya chuma. Kukata visiki vya kahawa iliyozeeka, kukata mizizi, kukatakata mti ulioanguka na kulala kwenye udongo kwa wiki kadhaa, kupunguza nguzo kuukuu zilizojaa mchanga: kazi hizi ni zake, na mtu anayezifanya kila wiki atarudishiwa fedha yake.

Kwa mbao safi nina msimamo tofauti. Mgrivea uliosimama kihambani (shamba la nyumbani), msonobari na sipresi za shamba la miti la West Kilimanjaro, mkaratusi uliomenywa gome, vyote vinakatwa vizuri zaidi na cheni ya chuma iliyonolewa vyema. Chuma kinakubali makali membamba. Kabaidi ikinolewa wembamba ule ule inabanjuka, kwa hiyo inaachwa na makali manene kidogo, na makali manene yanataka nguvu zaidi na yanakwenda polepole. Kwenye msumeno mdogo wa nyumbani tofauti hiyo inasikika mkononi na kwenye mlio wa injini. Kumnunulia fundi wa mgrivea cheni ya kabaidi ni kumpa kitu ghali kinachomchelewesha, na ninalisema hili kwa sababu nimeona wauzaji wakilifanya bila kuuliza mteja anakata nini.

Misumari na seng'enge ni habari nyingine kabisa. Miti ya mipakani kwetu imebeba waya tangu enzi za babu: waya wa uzio, waya wa kutundikia mizinga, misumari ya kushikilia mageti. Mti unakua na kuvimeza. Watu wanaitaka kabaidi hasa kwa miti kama hiyo, nayo ndiyo inayoimeza kabaidi. Zipo cheni za waokoaji na wazima moto zenye vipande vizito vya kabaidi, zilizotengenezwa kupasua paa lenye misumari na mabati, lakini cheni ya kabaidi ya kawaida ni ya vumbi na si ya chuma. Hata mvule una jambo lake. Ndani ya mti huu, ambao watu wa Moshi wanaujua kutoka msitu wa Rau, huwa kuna mawe halisi ya kalisi yaliyojijenga kwenye mbao, mengine makubwa. Yanatia butu cheni ya chuma, na yanaweza kuibanjua ya kabaidi. Kwenye mvule, nenda polepole na usikilize mlio.

Kunoa kwenyewe

Dalili ya kwanza ni ile ile ya cheni zote. Cheni kali inatoa vipande vya maranda na inajivuta yenyewe kuingia kwenye mti. Ikianza kutoa unga, au ukajikuta unaiegemea, imepoteza makali. Kwa kabaidi usisubiri ifike mbali. Ncha ni ndogo, na kila sehemu ya milimita unayoiondoa hairudi. Makali yaliyochoka kidogo yanarudi kwa kuguswa tu. Yaliyozungushwa na kuwa mviringo yanakulazimisha kula robo ya ncha kwa siku moja.

Osha cheni kwanza, kwa brashi na dizeli kidogo, uondoe utomvu na udongo. Kisha ipitie jino kwa jino mahali penye mwanga. Unatafuta ncha zilizomeguka, zilizolegea kwenye lehemu, au zilizotoka kabisa. Ncha iliyolegea ikiguswa na diski inayozunguka inaruka kama risasi. Ukiona meno kadhaa yaliyofuatana yamepoteza ncha, cheni hiyo imestaafu.

Kuhusu jiwe la grenda kuna mkanganyiko mkubwa. Mawe ya kawaida ya kunolea chuma, ya rangi ya waridi, meupe au ya kahawia, ni ya oksidi ya alumini. Kwenye kabaidi yanalika yenyewe, yanaziba, na yanachemsha jino bila kulikata. Jiwe la kijani ni la kabaidi ya silikoni. Hili linakata kabaidi kweli, na mafundi wa zamani wa vyuma walilitumia sana kwenye visu vya mashine za kukereza. Lakini linaacha makali yenye vimeno vidogo vidogo na joto lake ni kubwa, kwa hiyo kwa ncha ndogo za cheni silipendekezi. Kinachofaa ni diski ya almasi, ya chembe kati ya 180 na 240 kwa kunoa kwa kawaida. Mwenye subira anaweza kumalizia kwa chembe laini zaidi, 400 na kuendelea. Diski za bei nafuu zina tabaka moja la almasi juu ya chuma, na likiisha ndio basi. Zile ambazo almasi imechanganywa na gundi ngumu ya resini zinadumu zaidi na zinakata kwa upole.

Hapa watu wengi wananielewa kinyume: wakisikia almasi ni ngumu kuliko vyote, wanaanza kunolea kila kitu kwayo, pamoja na cheni zao za chuma. Usifanye hivyo. Almasi ni kaboni, na kwenye joto la kusaga kwa kasi kaboni hiyo inaingia ndani ya chuma. Almasi inalika upesi na diski inaziba. Diski ya almasi iguse kabaidi tu. Baada ya kunoa mara kadhaa, ncha ikishapungua, mwili wa chuma ulio chini na nyuma yake utaanza kuifikia diski. Hapo badilisha: weka jiwe la kawaida, punguza chuma kidogo, kisha rudisha almasi. Ni usumbufu, najua, lakini diski moja iliyozibwa na chuma inagharimu kuliko dakika hizo.

Pembe soma kwenye boksi la cheni yako. Mazoea ya digrii 30 kwa kila cheni ni ya cheni za chuma za kukata mti kwa kuukingama. Ya kupasulia mbao kwa urefu hunolewa karibu na digrii 10, na ya kabaidi ina yake aliyoiweka mtengenezaji, kwa sababu ya ule unene wa makali niliousema. Boksi likiwa limepotea, paka rangi ya maka peni kwenye uso wa makali, funga cheni kwenye grenda, gusa mara moja kwa wepesi, kisha tazama. Rangi ikitoka uso mzima kwa usawa, umeipata pembe. Ikitoka juu tu au chini tu, rekebisha kabla hujala kabaidi.

Kisha gusa na uachie, gusa na uachie. Usiiache diski ikae juu ya jino. Mguso mmoja ni wa muda mfupi sana, na kama jino linakuchoma kidole umeshapitiliza. Noa upande mmoja wote, halafu geuza. Hewa ndiyo inayolipoza jino. Kopo la maji lisikae hata karibu na meza hiyo. Pima urefu wa meno kwa kalipa, hasa ukilinganisha ya kushoto na ya kulia, maana upande mmoja ukiwa mrefu msumeno utakata ukipinda. Ila usiyashushe meno yote kwa sababu ya moja lililobanjuka. Kwenye chuma mafundi wengi hufanya hivyo na hasara ni ndogo. Kwenye kabaidi liache hilo moja. Litafikiwa taratibu kadiri wenzake wanavyonolewa.

Kipimo cha kina ni chuma, kwa hiyo hapa tupa bapa inarudi kazini. Kwa cheni nyingi za inchi 3/8 nafasi kati ya kinundu na makali ni milimita 0.65. Usizidishe ukitafuta kasi. Jino la kabaidi linalouma kupita kipimo linapata kishindo kikubwa, na kishindo ndicho adui wake.

Vumbi linalotoka wakati wa kunoa nalihofia kuliko hata ncha inayoruka, kwa sababu halionekani. Lina kobalti. Kuvuta vumbi la kobalti na kabaidi ya tangsteni kwa muda mrefu kunaleta ugonjwa wa mapafu unaojulikana kwa wafanyakazi wa viwanda vya metali ngumu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Vaa barakoa yenye chujio la vumbi laini, maana kitambaa hakisaidii. Usipulize meza kwa kompresa. Futa kwa kitambaa chenye unyevu. Nawa kabla ya kula. Na kama karakana yako iko chumba kimoja na mahali watoto wanapocheza, hamisha kazi hii.

Baa, spoketi na oili

Kabaidi iko kwenye ncha tu. Ribiti, viungo na meno ya chini yanayovutwa na spoketi (gurudumu lenye meno linalozungusha cheni) ni chuma kile kile cha cheni nyingine. Makali yanaweza kuwa bado yanafaa wakati viungo vimeshalika na cheni imerefuka mpaka inaruka kwenye spoketi. Mwenye cheni ya chuma analazimika kuishika cheni yake kila siku kwa ajili ya kunoa, na hapo hapo anaona baa imelika upande mmoja, mfereji umejaa uchafu, tundu la oili limeziba. Mwenye kabaidi anakaa muda mrefu bila sababu ya kufungua kitu. Jiwekee desturi: kila unapomaliza kazi ya siku, fungua, safisha mfereji wa baa, zibua tundu la oili, na ukiirudisha baa igeuze juu chini.

Oili chafu ya injini iliyomwagwa gereji imezoeleka sana kwa kulainishia cheni. Ina chembe za metali ndani yake, haigandi kwenye cheni inayozunguka kwa kasi, na inamrukia mkataji ngozini na kubaki kwenye udongo wa kihamba. Kwa cheni ghali kama hii, tumia oili safi ya cheni.

Kaza cheni ikiwa imepoa mpaka ikumbatie baa lakini uweze bado kuivuta kwa mkono wenye glavu. Ikipata moto itarefuka, nawe utaikaza tena. Kazi ikiisha, ilegeze, maana ikipoa itajikaza yenyewe na kuielemea ekseli ya injini usiku kucha.

Ukimpelekea fundi

Wengi hawatanunua grenda na diski ya almasi kwa cheni moja au mbili, na hakuna ubaya. Kwa mtu wa Machame au Sanya Juu ninashauri cheni mbili za kabaidi, moja kazini na moja mjini kwa fundi. Lakini uliza kabla ya kuiacha. Muulize anatumia diski gani, na akuonyeshe. Akikuonyesha jiwe la waridi, ichukue cheni yako. Muulize diski hiyo anaitumia pia kwa cheni za chuma. Simama utazame meno mawili ya kwanza. Ukimwona anashikilia diski mpaka jino linabadilika rangi, au kuna kopo la maji pembeni na anachovya, mwambie asimame, mlipe ya hayo mawili, uondoke nayo.